Milimita Tatu

Tusekile aliuzamisha mkono kwenye ndoo mpaka kwenye kiwiko, akautazama kama anayetazama mkono wa mtu mwingine.

"Sema," alisema Zelina.

"Niseme nini, mamkubwa? Ni maji."

"Maji ya namna gani?"

"Maji tu."

Ndoo ilikuwa na vipande vya barafu ambavyo Zelina alikuwa amevivunja asubuhi ile juu ya pipa la nje. Luhenya iko juu sana milimani, na mwezi wa saba majani huamka meupe kwa jalidi. Mtu mwingine angekwisha kuutoa mkono huku akitukana. Tusekile alichezesha vidole ndani ya barafu, akacheka. Nyuma ya shingo, chini kidogo ya nywele, alikuwa na plasta ndogo ya mraba. Jana yake, zahanati ya Kampuni ya bwawa ilikuwa imemwekea punje.

Punje yenyewe ilikuwa ndogo kama chembe ya mchele. Ilichomekwa kando ya uti wa mgongo, ikakaa pale kama bawabu. Habari zote za mwili zilipita kwake zikielekea ubongoni: maumivu ya jeraha, moto, mguso. Habari ya baridi ilipofika, aliizima. Na kutetemeka nako alikuzima, kwa kuwa mzamiaji anayetetemeka humaliza hewa upesi na huangusha vyombo.

"Dakika nne," Zelina alisema. "Toa."

"Sijachoka."

"Toa mkono, Tusekile."

Kucha zilikuwa zimegeuka rangi ya zambarau. Zelina aliuchukua mkono ule, mzito na baridi kama samaki, akaufutika kwapani mwake chini ya sweta. Alisikia baridi yake mpaka kwenye meno. Mwenye mkono hakusikia kitu.

"Mamkubwa, usinitazame hivyo. Wenzangu wanane wanayo, na wako hai."

Zelina aliubana mkono ule zaidi kwapani. Tusekile alikuwa mtoto wa mdogo wake aliyefariki msichana akiwa na miaka sita. Alikulia humo humo kwenye karakana, akilala juu ya mabaki ya mpira wa povu, akijifunza kuhesabu kwa vipande vya mikono na miguu ya suti za kuzamia alizoshona Zelina. Sasa alikuwa na miaka ishirini na minne, na alitaka suti yake mwenyewe.

"Haya, nipime," alisema. "Kampuni imesema milimita tatu."

*

Zelina Chaula alikuwa ameshona suti za kuzamia kwa miaka ishirini na miwili, tangu bwawa lilipojaa na kulifunika bonde zima la Luhenya. Pale chini, mbele ya milango ya mitambo, kulikuwa na nyavu za chuma za kuzuia takataka. Magugu ya maji yaliota juu ya nyavu hizo kama nywele, na yakiachwa wiki moja tu maji hayapiti, mitambo inapungua nguvu, na taa zinazimika mpaka Mbeya. Mashine mbili za kusafisha zilikuwa zimeshushwa zamani. Magugu yalizisokota, na mpaka leo zimelala huko huko. Mtu ana vidole, akawa ndiye anayeshuka.

Kanuni za unene Zelina alizijua kama mwingine anavyojua sala. Maji ya vuguvugu, digrii ishirini na nne kwenda juu, milimita tatu zinatosha. Yakishuka mpaka kumi na nane, tano. Chini ya hapo, saba. Chini ya kumi, saba pamoja na fulana nyingine ya saba ndani, kofia na glavu. Maji ya Luhenya kwenye kina cha nyavu yalikuwa digrii nane mwaka mzima.

Lakini kanuni haitoshi. Mpira wa suti una viputo vya hewa, na hivyo viputo ndivyo vinavyozuia baridi. Mzamiaji akishuka, maji yanaviminya. Kwenye mita kumi na nane, saba inabaki kama tatu. Ukimpa mtu tatu, huko chini amevaa moja. Tena viputo hivyo hivyo vinataka kupanda juu, kwa hiyo kila milimita unayoongeza inataka vipande vizito vya risasi zaidi kwenye mkanda wa kiunoni ili mtu azame. Suti nene inakaza mabega, inachosha mikono, na mkanda mzito unavunja mgongo. Mshonaji anapima baridi upande mmoja na uzito upande mwingine, na mizani yake ni mwili wa mtu.

Kwa hiyo siku zote alimwuliza mwenye mwili. Alimvisha suti, akampeleka ukingoni, akamweka majini nusu saa, kisha akauliza: inaingilia wapi? Mmoja alisema kiunoni. Mwingine shingoni, au kwenye uti wa mgongo anapoinama. Zelina aliziba pale pale kwa gundi na uzi. Kazi yake yote aliijenga juu ya jibu hilo moja.

Tangu ije punje, jibu lilikuwa moja kwa wote. Haiingii popote.

Wiki ya pili baada ya Tusekile kuanza kushuka, Zelina alikwenda ofisini kwa Injinia Mapunda, msimamizi wa wazamiaji, mtu mpole mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi.

"Injinia, Otmari jana ametoka majini na joto la thelathini na tatu na nusu."

"Aliumwa?"

"Alisahau jina la mkewe kwa robo saa."

"Akalikumbuka?"

"Alilikumbuka."

Mapunda alivua miwani. "Mama Zelina, sikiliza. Kwa suti zako za saba, mtu alifanya kazi dakika thelathini akachoka. Wawili waliharibika mgongo kwa risasi, unawajua. Kwa tatu wanakaa dakika hamsini na wanasafisha mara mbili. Mwezi uliopita hospitali ya wilaya ilizimikiwa na umeme mara nne, na kuna watoto kule kwenye mashine za kupumulia. Nifanye nini?"

"Wape saba, uongeze watu."

"Niwatoe wapi? Hebu tuwaulize wenyewe."

Akatoka nje, akawaita. Walikuwa tisa, wameketi kwenye benchi wakinywa chai, nywele mbichi. Mapunda akauliza kwa sauti: "Nani kati yenu anasikia baridi?"

Walitazamana, wakaangua kicheko. Aliyecheka zaidi ni Ambele Luvanda, kijana mrefu mwenye pengo la mbele, ambaye kila wiki alimletea Zelina matufaha kutoka kwa mama yake. "Mama Zelina," alisema, "mimi ukinipa suti ya saba nitaogelea kama gunia la viazi. Niache na tatu yangu." Midomo yake ilikuwa ya bluu.

Zelina alirudi karakana, akafunga mlango.

*

Alianza na suti ya Tusekile. Alifumua mishono ya ubavuni, akabandika ndani tabaka la pili la milimita tatu, kifuani na mgongoni, kuanzia shingoni hadi nyongani, mahali mwili unapotunza moto wake. Juu yake akarudishia kitambaa kile kile cheusi. Kwa nje, namba kwenye bega ilibaki 3.

Suti ile sasa ingeelea zaidi, na Zelina alilijua hilo. Akapima kwa kumvisha mwanasesere wa majaribio na kumzamisha kwenye pipa kubwa, kisha akashona vibamba vya risasi ndani ya mkanda wa Tusekile, mahali ambapo jicho halifiki. Suti na mkanda vilikuwa na namba inayofanana, na kila mzamiaji alikuwa na yake. Vikikaa pamoja, hakuna atakayejua.

Wiki tatu baadaye suti zote tisa zilikuwa na tabaka la siri. Hakumwambia mtu. Alijisemea kwamba wameshazimiwa baridi yao, na asiyesikia baridi hawezi kuchagua unene. Basi achague anayeisikia kwa niaba yao.

"Suti inanibana siku hizi, mamkubwa," alisema Tusekile.

"Mpira mpya. Utauzoea."

Uongo huo ulimtoka kwa wepesi uliomshangaza.

Na ulifanya kazi. Walianza kutoka majini na joto la thelathini na tano. Otmari hakusahau tena jina la mkewe. Injinia Mapunda alipita karakana akampongeza. "Umeona, Mama Zelina? Miili imezoea." Zelina alishika mkasi wake na kuinamia kazi.

*

Siku Ambele alipofariki kulikuwa na jua kali na upepo. Zelina alikuwa anakata kitambaa aliposikia king'ora cha gatini. Alikimbia na mkasi mkononi.

Waliokuwa kwenye boti walisimulia baadaye. Asubuhi ile bizimu ya mkanda wa Ambele ilikatika. Stoo kulikuwa na mkanda wa akiba, uliopimwa kwa suti ya milimita tatu, mpya kabisa. Akauvaa. Alipoingia majini alilalamika kwamba hazami, akajivuta kwa kamba ya gati mpaka chini. Huko chini maji yaliiminya suti, naye akatulia, akafanya kazi yake yote. Tatizo lilikuja wakati wa kupanda. Kadiri alivyokaribia juu, ndivyo suti ilivyovimba, na mtungi wake ulikuwa umekaribia kumaliza hewa na kuwa mwepesi. Kwenye mita kumi alianza kupaa. Alipambana, akajaribu kushika kamba, ikamponyoka; na mtu anayepambana hubana pumzi, nayo hewa akipanda huvimba kifuani na kupasua mapafu. Alichomoka majini mpaka kiunoni kama kitu kilichorushwa.

Zelina alimkuta amelazwa kwenye mbao za gati, povu la rangi ya waridi mdomoni. Mhudumu wa boti alikuwa anabonyeza kifua, Tusekile amepiga magoti kichwani, anamwita. "Ambele! Ambele, nitazame!" Zipu ilikuwa imekwama. Zelina alipiga magoti, akaikata suti kwa mkasi kutoka shingoni hadi kitovuni, kifua kikawa wazi. Walibonyeza dakika thelathini. Hakurudi.

Alipoinua macho, Zelina aliona Tusekile ameshika ukingo wa suti iliyokatwa. Palipokatwa palionekana tabaka mbili za mpira, moja juu ya nyingine, na mstari wa gundi katikati. Tusekile alipitisha kidole kwenye mstari ule. Kisha akamtazama mama yake mkubwa.

Walipomvua marehemu, Zelina aliikunja suti ile, akaiweka chini ya goti lake.

*

"Na yangu?" Tusekile aliuliza. Walikuwa karakana, mlango umefungwa.

"Na yako. Zote tisa."

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa nane."

Tusekile aliiangua suti yake kwenye ndoano, akaiminya kifuani kwa vidole, akaitupa mezani. "Punje nilisaini mwenyewe. Nilisoma karatasi tatu, nikaweka sahihi. Hili tabaka lako nani alilisaini?"

"Ulikuwa unakufa taratibu, mwanangu. Nyote mlikuwa mnakufa, na mnacheka."

"Ungeniambia!"

"Nilikwambia. Nilikuwekea ndoo ya barafu. Ukaniambia ni maji tu."

Tusekile alifunika uso. Alipozungumza tena, sauti yake ilikuwa ya chini. "Ukingoni Ambele alisema hazami. Tulimcheka. Mimi nilimwambia ameshiba ugali wa mama yake. Kama ningejua kuna kitu ndani ya suti, ningemzuia. Yeye mwenyewe angejizuia. Hakuna kati yetu aliyekuwa anajua amevaa nini."

Zelina alitaka kusema neno kuhusu ile digrii moja na nusu aliyowaongezea, kuhusu Otmari na jina la mkewe. Badala yake aliiokota suti mezani, akairudisha kwenye ndoano.

Jioni Injinia Mapunda alibandika taarifa kwenye ubao. Ilisema marehemu alivaa mkanda usio wake bila ruhusa, akapanda bila kufuata utaratibu. Neno la mwisho lilikuwa *uzembe*. Suti iliyokatwa hakuna aliyeiuliza. Ilikuwa nyumbani kwa Zelina, chini ya kitanda.

Usiku huo na mchana uliofuata Zelina aligeuza jambo lile kila upande. Akisema, Kampuni italeta suti za kiwandani, tatu halisi, na wanane waliobaki watashuka uchi kwenye digrii nane, Tusekile akiwa mmojawapo. Akinyamaza, tabaka litabaki, joto litabaki, na atarekebisha mikanda yote ya stoo polepole pasipo mtu kujua. Lakini Mama Ambele atamzika mwanawe kama mzembe, na watu wa Luhenya watalirudia neno hilo miaka yote. Tena siku moja bizimu nyingine itakatika.

"Wewe ungetaka nifanyeje?" alimwuliza Tusekile asubuhi ya mazishi.

Tusekile alikuwa anafunga kilemba cheusi. "Mimi ningetaka kuulizwa tangu mwanzo," alisema. "Sasa hivi umeshachelewa, mamkubwa. Usiniulize ili nikubebee."

*

Mama Ambele aliishi upande wa juu wa bwawa, kwenye nyumba ya matofali iliyozungukwa na mitufaha. Watu walijaa uani, wamejifunga mablanketi. Mchungaji alipomaliza, mwakilishi wa Kampuni alisimama na karatasi, akatoa pole, akaisoma taarifa. Alipofika kwenye neno lile alilisoma upesi, lakini lilisikika. Mama Ambele, mwanamke mfupi mwenye mikono ya kulima, aliinamisha kichwa kama aliyepigwa.

Zelina alisimama.

"Ambele hakuzembea," alisema. "Suti yake niliishona mimi. Ilikuwa imeandikwa tatu, na ilikuwa sita. Nilificha. Risasi za kumzamisha nilizificha kwenye mkanda wake, na ule mkanda alioazima haukuwa nazo. Alifanya kila kitu sawasawa. Suti ndiyo iliyompandisha, na suti ni yangu."

Mtu mmoja alisema, "Mungu wangu." Mwakilishi wa Kampuni alitoa kalamu, akaanza kuandika. Otmari, aliyekuwa karibu na jeneza, alijishika kifua kama anayepima unene wa shati lake.

"Kwa nini?" aliuliza Mama Ambele.

"Niliogopa baridi itawaua."

Mama Ambele alinyanyuka, akamsogelea mpaka wakawa uso kwa uso. Zelina alisubiri kofi, au laana. Mwanamke yule alimwuliza kwa sauti ya kunong'ona, kana kwamba jambo hilo ni lao wawili tu:

"Huko chini alisikia baridi?"

"Hapana, mama. Hakusikia."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Afadhali," alisema Mama Ambele. "Alipokuwa mdogo alikuwa mtoto wa baridi sana. Nilikuwa namlaza karibu na jiko." Akamshika Zelina bega, akaegemea hapo, akalia. Zelina alisimama amemshikilia. Ingekuwa rahisi zaidi kwake kama angepigwa.

*

Aliandika maelezo polisi, akaikabidhi suti iliyokatwa, akaambiwa asitoke wilayani mpaka aitwe. Karakana ikafungwa kwa kufuli la Kampuni. Siku ya nne lori lilileta suti za kiwandani, laini na nyepesi, milimita tatu kweli kweli, kila moja kwenye mfuko wake. Zile nane za Zelina zilizobaki zilichomwa nyuma ya stoo, na moshi wake mweusi ulinuka kijiji kizima.

Watu waliosikia habari ile walisema: mnaona, unene ndio unaoua. Injinia Mapunda alikuja nyumbani kwake mara moja. Alisimama mlangoni, hakuingia.

"Ungekuja kwangu na vile vipimo vya joto," alisema. "Ungepiga kelele."

"Nilikuja. Uliwauliza, wakacheka."

"Ni kweli," alisema, akaondoka.

Tusekile aliendelea kushuka. Zelina alimsihi kwa siku mbili mfululizo.

"Nikiacha, wanane wanabaki saba," Tusekile alimjibu. "Nyavu ni zile zile. Dakika zangu watagawana. Unataka nani azichukue, Otmari?"

"Basi mtolewe punje."

"Foleni ya kutolewa ni ya mwezi wa pili. Nimeandika jina langu. Wanne tumeandika." Akavaa koti. "Wewe nifundishe tu jinsi ya kujua. Safari hii niambie kila kitu."

Wakakaa mezani, na Zelina akamwambia kila kitu, kama ambavyo angepaswa kumwambia tangu siku ya ndoo. Mwili hautakwambia, kwa hiyo tazama mikono. Kila dakika tano gusanisha kidole gumba na kidole cha mwisho. Vikikataa kukutana, panda. Hesabu kutoka ishirini kurudi nyuma. Ukipotea, panda. Ukijikuta unafurahi bila sababu, panda. Tusekile aliyaandika mgongoni mwa mkono kwa kalamu, akayarudia kwa sauti. Hawakuwa wameketi karibu hivyo tangu siku ya gati.

Siku kumi na moja alipanda kwa wakati. Ya kumi na mbili, Otmari alikuja mbio, bado amevaa suti, miguu peku.

"Mama Zelina, njoo zahanati. Tusekile hayuko sawa."

Njiani alimweleza huku akihema. Walimkuta Tusekile kwenye wavu wa sita, dakika kumi baada ya muda wake kwisha. Alikuwa ameinua mkono mbele ya taa ya kofia, anajaribu kugusanisha vidole. Vilipishana. Alijaribu tena na tena, kwa utulivu, kama mtoto anayecheza. Alikuwa amesahau anavijaribu kwa ajili ya nini.

*

Zahanati ilikuwa chumba kimoja chenye vitanda viwili. Umeme ulikuwa umekatika tangu saa sita, na blanketi la kupashia joto lilikuwa limekunjwa kwenye kona, halina kazi. Sista Ilomo, muuguzi wa zamu, alikuwa amemvua Tusekile nguo zenye maji na kumfunika mashuka.

"Ishirini na tisa," alisema. "Moyo unaruka-ruka. Maji ya moto siwezi kumwagia, nitausimamisha. Wala asisuguliwe miguu. Mwili wake hautetemeki, Mama, na kutetemeka ndiko kungemwokoa. Anahitaji joto la polepole la mtu."

Zelina alikuwa ameshaanza kuvua. Alivua sweta, gauni, shumizi, akapanda kitandani, akaingia chini ya mashuka. Ngozi ya mtoto wa mdogo wake ilikuwa kama ya kitu kilichotolewa kisimani. Alimvuta kifuani, akamzungushia mikono na miguu, akaweka kichwa chake chini ya kidevu. Sista Ilomo aliwafunika mablanketi matatu, kisha makoti ya wagonjwa, kisha pazia la dirishani alilolishusha kwa mikono yake mwenyewe. Otmari alisimama mlangoni mpaka alipoambiwa aende akakaushe mwili.

Baridi iliingia kwa Zelina kutoka kila upande alioguswa. Iliingia kifuani, tumboni, mapajani. Dakika za mwanzo alivumilia. Kisha meno yakaanza kugongana, na mwili wake mzima ukashikwa na tetemeko ambalo hakuweza kulizuia, mpaka chuma cha kitanda kikawa kinalia. Tusekile alikuwa ametulia mikononi mwake, mzito, macho nusu wazi, hana hata mtetemo mmoja.

"Endelea hivyo hivyo," Sista Ilomo alisema. "Usimwachie."

Nje jua lilikuwa linawaka juu ya bwawa. Mtu alikuwa anapiga chuma gatini, akirekebisha kitu. Baada ya muda ambao Zelina hakuujua urefu wake, Sista Ilomo aliweka kipimo sikioni mwa Tusekile, akakisoma, akakisoma tena dirishani penye mwanga.

"Thelathini nukta mbili," alisema. "Inapanda. Ataishi huyu. Vidole viwili vya mkono wa kushoto sina hakika navyo, lakini ataishi."

Zelina alifumba macho, akamkaza zaidi kifuani.

Midomo ya Tusekile ilisogea shingoni mwake. Sauti ilitoka nzito, maneno yameshikana.

"Mamkubwa."

"Nipo."

"Mbona unatetemeka?"

"Nasikia baridi, mwanangu."

Tusekile alifikiri juu ya hilo kwa muda mrefu. Kisha alijaribu kuinua mkono ili amfunike vizuri, mkono ukashindwa, ukaanguka juu ya blanketi.

"Pole," alisema. "Pole sana, mamkubwa."